Kaskazi, Maji Kujaa na Mtoto wa Chini ya Miaka Mitano: Kupanga Matembezi Yasiyo na Gharama

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, nyumba nyingi za Dar es Salaam hujaa watoto kutwa nzima. Huo ndio pia msimu ambao pepo za kaskazi huanza kuvuma. Joto la mchana mara nyingi hufikia nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, unyevu hewani ni mkubwa, na vyumba vilivyoezekwa kwa bati havikaliki kuanzia saa sita mchana. Watoto wakubwa wakiwa likizo, wadogo nao hudai kutoka. Mzazi mwenye kipato kidogo hutafuta mahali pa kuwapeleka bila kulipa kiingilio.

Mahali hapo papo. Ufukwe wa Coco ulioko Oysterbay uko wazi kwa kila mtu. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ambayo ilianzishwa mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, ina miti mikubwa yenye kivuli kinachotosha familia kadhaa. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko katikati ya jiji, na kwa mtoto wa miaka mitatu kutazama meli na pantoni zikipita mlangoni mwa bandari ni tamasha kamili. Kinachopungua ni mpango. Familia nyingi huchagua mahali kwanza, zikaondoka nyumbani saa tano baada ya kazi za asubuhi kwisha, zikafika jua likiwa utosini, na watoto wakaachwa wacheze majini huku watu wazima wakizungumza kivulini. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni salama zaidi kupanga kwa mfuatano mwingine: ichaguliwe saa, kisha yaangaliwe maji, kisha atajwe kwa jina mtu mzima atakayemtazama mtoto. Mahali pachaguliwe mwisho.

Makala haya yanaeleza sababu za mfuatano huo, na yanawalenga wazazi pamoja na wahudumu wa kliniki za mama na mtoto, ambao ndio wanaokutana na wazazi hao kila mwezi.

Kwa nini mtoto atoke

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi, ukaaji na usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne anatakiwa awe na angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikigawanywa katika vipindi mbalimbali. Mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa moja kwa siku, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili haishauriwi kabisa. Katika nyumba za kupanga, ambako familia tano au sita hutumia ua mmoja wenye majiko na kamba za nguo, dakika 180 hazipatikani kwa urahisi. Saa mbili za kukimbia mchangani hutimiza sehemu kubwa ya hitaji hilo. Kwa hiyo mhudumu wa afya hapaswi kujibu hatari zinazoelezwa hapa chini kwa kuwakataza wazazi kutoka na watoto. Katazo la namna hiyo halifuatwi, na hata likifuatwa linamnyima mtoto kitu anachokihitaji.

Joto katika mwili mdogo

Ukilinganisha eneo la ngozi na uzito wa mwili, mtoto mdogo ana ngozi nyingi kuliko mtu mzima. Hivyo hupokea joto la jua na la mchanga kwa kasi zaidi. Hutoa jasho kidogo zaidi, na jasho lenyewe hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Katika hewa nzito ya pwani ya Desemba na Januari, jasho hubaki likitiririka bila kukauka, na upozaji huo hupungua sana. Juu ya hayo, mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusema ana kiu, na wa miaka minne aliyenogewa na mchezo haisikii kiu hadi amechelewa.

Liko jambo moja la desturi linalopaswa kusemwa kwa upole. Watoto wachanga wengi mjini hutolewa nje wakiwa wamevalishwa kofia ya sufi, soksi na blanketi, hata katika mwezi wa Januari, kwa kuhofia upepo na kichomi. Hofu hiyo ina chanzo chake: nimonia ni ugonjwa unaoua watoto, na bibi aliyewahi kumzika mjukuu kwa ugonjwa huo hatashawishika kwa hotuba ya dakika mbili. Hata hivyo nimonia husababishwa na vimelea, na blanketi haliwazuii, ilhali mtoto aliyefungwa hivyo katika joto la nyuzi 32 hukosa njia ya kutoa joto mwilini. Wahudumu wanaofanikiwa katika suala hili huwa hawabishani na bibi. Humwomba aguse kifua cha mtoto na sehemu ya nyuma ya shingo. Zikiwa za moto na zenye jasho, bibi mwenyewe huanza kufungua blanketi. Mikono na miguu si vipimo vizuri kwa mtoto mchanga, kwani inaweza kuwa baridi huku mwili ukichemka. Nguo moja nyepesi ya pamba inatosha, na khanga itumike kuweka kivuli bila kumfunika uso.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya maziwa ya mama pekee haongezewi maji hata siku ya joto kali. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha; kinachohitajika ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe kunywa maji. Chupa ya maji anayopewa mtoto huyo kwa huruma humshibisha bila lishe na inaweza kumletea kuhara. Mtoto wa zaidi ya miezi sita apewe mafunda machache ya maji safi kila robo saa, bila kusubiri aombe. Kwa mama mwenye watoto wawili wadogo, dumu la lita tano lenye maji yaliyochemshwa nyumbani linatosha kwa matembezi ya saa tatu. Dumu hilo lina kazi ya pili, kama itakavyoonekana baadaye.

Dalili za mwanzo za joto kupita kiasi ni rahisi kupuuzwa. Mtoto aliyekuwa akicheza huacha mchezo na kukaa kimya, au huwa mwenye hasira, hulalamika kichwa, hutapika, hukojoa kidogo, na mkojo huwa wa rangi nzito. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo, amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima, apepewe, na anyweshwe ikiwa yuko macho na anaweza kumeza. Akipata degedege, akichanganyikiwa au akipoteza fahamu, hiyo ni dharura ya kifo. Aendelee kumwagiwa maji na kupepewa njiani wakati akipelekwa hospitali, wala asinyweshwe chochote. Parasetamo haisaidii katika hali hii, kwa sababu joto hilo halitokani na homa.

Saa za jua na saa za bahari

Katika jua, kanuni ni rahisi. Saa nzuri ni kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Kati ya hapo mtoto mdogo akae kivulini au nyumbani.

Bahari ina saa zake, na hapo ndipo mipango mingi huharibika. Katika pwani ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, ni siku za bamvua. Hapo bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa mita tatu au zaidi. Siku za katikati, mwezi unapokuwa nusu, ni za maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua hadi takriban mita moja.

Mvuvi yeyote wa Feri anajua kwamba wakati wa bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Mzazi aliyeambiwa aepuke jua la mchana, akaenda ufukweni saa 10 jioni siku ya mwezi mpevu, atakuta bahari imejaa hadi karibu na ukingo, mchanga wa kuchezea umebaki mwembamba, na mawimbi yako mlangoni pa mkeka wake. Ametii ushauri wa jua na kuingia katika hatari ya maji. Siku hizo familia iende asubuhi. Ikifika saa 1 asubuhi itakuta maji yanapungua, mchanga mbichi na mgumu unajitokeza, na kabla ya saa 4 watoto watakuwa wamekwisha cheza na kuondoka. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni, kwa hiyo jioni ndiyo saa nzuri. Mwezi angani ni kalenda isiyouzwa. Anayetaka uhakika zaidi amuulize mvuvi au muuza madafu aliyeko ufukweni siku zote.

Kupwa nako kuna mtego wake. Wakati wa bamvua bahari hurudi nyuma mbali sana, na watu hutembea hadi kwenye mafungu ya mchanga na mawe ya matumbawe kutafuta chaza na kaa. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta unaoonekana. Hupita kwanza katika mikondo ya chini iliyo kati ya fungu na ufukwe, na mtu aliye kwenye fungu hugundua kwamba njia aliyojia ina maji hadi kiunoni. Kasi yake si sawa wakati wote. Kati ya saa sita za kujaa, saa mbili za katikati hubeba nusu ya maji yote. Bamvua ikiwa ya mita tatu, kina huongezeka kwa mita moja na nusu katika saa hizo mbili. Mtoto wa miaka mitano ana wastani wa kimo cha sentimita 110, na wa miaka miwili hafiki sentimita 90. Mtoto mdogo asivushwe kabisa kwenda kwenye mafungu, hata akiwa mabegani mwa baba.

Baada ya mvua kubwa za vuli, sehemu za karibu na mdomo wa Mto Msimbazi ziepukwe kwa siku kadhaa, kwani mto huo hupitia makazi mengi na kubeba maji taka hadi baharini. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria suala la maji lina sura nyingine. Vimelea vya kichocho huingia kupitia ngozi katika maji matulivu yenye majani na konokono, na mtoto mdogo anayechezea maji ya ukingoni huambukizwa kama anayeogelea. Huko matembezi ya watoto yapangwe nchi kavu: mawe, miti na viwanja vya michezo.

Kufa maji bila kelele

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Methali husema mfa maji haachi kutapatapa. Mtoto mdogo hafuati methali hiyo. Kichwa chake ni kizito kulingana na mwili, na akianguka kifudifudi katika maji ya kufika magotini mara nyingi hawezi kujiinua. Hapigi kelele, kwa kuwa hewa ya kupigia kelele hana. Harushi maji. Huzama kwa utulivu katika muda usiozidi dakika moja au mbili, pengine hatua tano kutoka kwa watu wazima kumi. Wazazi wengi husema baadaye kwamba hawakusikia chochote, na husema kweli.

Kwa sababu hiyo wingi wa watu wazima haumlindi mtoto. Katika kundi la ndugu waliokwenda ufukweni sikukuu ya Krismasi au ya Idi, kila mmoja huamini kwamba mwingine anatazama. Njia inayosaidia ni ya zamu. Mtu mzima mmoja avae kofia fulani, au ajifunge khanga fulani, kama alama ya kuwa zamu ni yake. Kwa dakika 20 asishike simu, asile, asinywe pombe, asimenye machungwa. Awe karibu na mtoto kwa umbali wa mkono mmoja, kiasi cha kumshika bila kupiga hatua. Dakika 20 zikiisha amkabidhi mwenzake kofia kwa mkono na kwa maneno: “Zamu yako.” Dada wa miaka tisa hapewi kofia hiyo. Ni kweli kwamba nyumbani dada huyo hubeba mdogo wake na kumlisha vizuri. Baharini hana nguvu za kumtoa, na yanapotokea maafa mara nyingine hupotea wote wawili. Mama aliye peke yake na watoto watatu hana wa kupokezana naye, na kwake Bustani ya Mimea ni chaguo bora kuliko ufukwe.

Tyubu za magari zinazokodishwa ufukweni hazimlindi mtoto mdogo. Huteleza akapita katikati, au upepo ukaisukuma tyubu mbali na nchi kavu. Nguo ya rangi ya chungwa au nyekundu huonekana majini na katikati ya umati kwa urahisi kuliko ya bluu au nyeupe. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto kabla ya kuondoka nyumbani, kwani siku za sikukuu mtoto aliyepotea hawezi kutaja zaidi ya “mama”.

Mtu mzima asiyejua kuogelea asimfuate mtoto kwenye kina. Amrushie kitu kinachoelea, na hapa dumu la lita tano lina kazi yake ya pili: likiwa tupu na limefungwa kifuniko, linaweza kumshikilia mtoto juu ya maji, na mtu mzima pia kwa muda. Khanga mbili zilizofungwa pamoja hutosha kumvuta mtu aliye karibu. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Akishatolewa majini, asining'inizwe miguu juu wala asibonyezwe tumbo ili maji yatoke. Desturi hiyo hupoteza dakika zenye thamani kuliko zote, na huyafanya matapishi yaingie mapafuni. Ikiwa hapumui, alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe, kisha apuliziwe pumzi tano, kila moja ikiinua kifua. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mdomo wa mwokoaji ufunike mdomo na pua kwa pamoja. Asipoanza kupumua, kifua kibonyezwe mara 30 kwa kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi moja ya kifua, zifuate pumzi mbili, na mzunguko huo urudiwe bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Kifua cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja hubonyezwa kwa vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka. Kwa mkubwa zaidi, kiganja kimoja kinaweza kutosha. Katika kufa maji pumzi ndizo za kwanza, kwa sababu moyo wa mtoto husimama kwa kukosa hewa.

Mtoto aliyezama kisha akazinduka asipelekwe nyumbani moja kwa moja, hata kama analia na anaonekana mzima. Apelekwe kituo cha afya. Mhudumu ampime kasi ya kupumua na kiwango cha oksijeni, asikilize mapafu, na amweke chini ya uangalizi kwa saa sita hadi nane, kwani matatizo ya mapafu yanaweza kujitokeza baadaye ndani ya muda huo.

Chakula na mbu

Wali wa nazi huchacha haraka katika joto la kaskazi, na haufai kubebwa asubuhi ili uliwe mchana. Viazi na mihogo ya kuchemsha, ndizi, na machungwa yanayomenywa papo hapo hustahimili safari. Mihogo ya kukaanga ya Coco, ambayo ni sehemu ya furaha ya safari hiyo, haina ubaya ikiliwa ikiwa ya moto. Tahadhari iwe kwenye kachumbari na barafu, ambazo maji yake hayajulikani yalikotoka. Karanga na bisi asipewe mtoto wa chini ya miaka minne, hasa anayekimbia, kwa kuwa huingia kwa urahisi katika njia ya hewa.

Saa zinazofaa kwa jua, yaani asubuhi na jioni, ndizo ambazo mbu aina ya Aedesi huuma zaidi. Mbu huyo ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Katika bustani zenye kivuli mtoto avae nguo nyepesi ya mikono mirefu na suruali.

Watoto wanaohitaji mpango wa ziada

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi wenye selimundu. Kwa mtoto huyo kupungukiwa maji mwilini na ngozi kupoa ghafla ni vichocheo vya maumivu makali. Hakatazwi kwenda ufukweni. Wenzake wanakwenda, na kumwacha nyumbani ni adhabu asiyostahili. Anyweshwe maji zaidi kuliko wengine, apumzike kivulini mara kwa mara, asikae majini muda mrefu, na mara anapotoka akaushwe na kubadilishiwa nguo, hasa kunapokuwa na upepo. Dawa yake ya maumivu na kadi yake ya kliniki viwemo mkobani.

Mtoto mwenye ualbino hahitaji kuchomwa na jua mara nyingi ili ngozi yake idhurike. Matembezi yake yawe ya alfajiri au jioni tu, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, inayopakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili au anapotoka majini. Mtoto mwenye kifafa awe na mtu mzima wake pekee anapokuwa karibu na maji, asiyehusika na zamu ya watoto wengine.

Katika kliniki, mazungumzo haya yote hayawezi kufanyika kwa kila mama. Mwezi Novemba na Desemba mhudumu anaweza kuuliza maswali mawili wakati mtoto akipimwa uzito: familia inakusudia kwenda wapi wakati wa likizo, na nani atamtazama mtoto karibu na maji? Mama anayejibu “tutakuwa wengi” ndiye anayehitaji dakika tano zaidi.

Homa baada ya matembezi

Mara nyingi mtoto huletwa kituoni siku moja au mbili baada ya safari, na mzazi husema jua limempiga. Joto lililopatikana juani hushuka mtoto akishapozwa kivulini na kunywa maji, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili. Linalorudi usiku au kesho yake ni homa yenye chanzo kingine, na mtoto apimwe kwa kipimo cha haraka cha malaria kama mtoto mwingine yeyote mwenye homa.

Kipimo kikionyesha malaria, mzazi asielezwe kwamba ameupata ugonjwa huo kwenye matembezi ya jana. Tangu mbu aume hadi homa ianze hupita angalau siku saba, na mara nyingi zaidi. Aliyeambukizwa aliumwa na mbu wiki moja au mbili kabla, pengine kitandani mwake, na swali la kuuliza ni kuhusu chandarua cha nyumbani. Kinyume chake, mtoto anayepata homa siku kumi baada ya kulala kijijini kwa bibi wakati wa likizo, mzazi ataje safari hiyo hata kama imekwisha sahaulika. Kipimo kisipoonyesha malaria, na mtoto ana maumivu ya kichwa, ya macho au ya viungo, dengue ifikiriwe. Hadi itakapoondolewa apewe parasetamo peke yake kwa kipimo cha uzito wake, bila ibuprofeni wala aspirini, ambazo huongeza hatari ya kutoka damu, na mzazi aambiwe amrudishe siku hiyo hiyo akianza kutapika mfululizo, kuumwa tumbo sana au kutoka damu puani na kwenye fizi, hata kama homa yenyewe imeshuka.